Hesabu ya chombo kinachotoka maji: Kutoka matenki ya Kiseke hadi Jinja

KATIKA mitaa ya Kiseke, wilayani Ilemela, mkoani Mwanza, nyumba nyingi zilizosimama katikati ya mawe na miteremko zina tenki la plastiki juu ya mnara wa zege au wa vyuma. Bomba la mtaani linapokauka, mama mwenye nyumba hugonga tenki kwa kiganja kuanzia juu kwenda chini, akisikiliza mlio ubadilike. Pale unapobadilika ndipo maji yalipofika.

Akirudia kugonga baada ya saa moja anakuwa na alama mbili, na kwa alama hizo anaweza kukisia kama maji yatafika jioni.

Bila kukusudia, ameanza kulijibu swali linalowatoa jasho wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaosoma Hisabati ya Juu: chombo chenye umbo linalojulikana kinatoka maji kwa kasi inayojulikana, je, maji ndani yake yanashuka kwa kasi gani yanapokuwa na kina fulani?

Swali hilohilo, likiwekewa chombo chenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, ndilo lililozusha ubishi mkubwa katika Afrika Mashariki kati ya mwaka 2004 na 2006. Ziwa Victoria lilishuka kwa zaidi ya mita moja, na watu wa nchi tatu wakataka kujua ni nini, au ni nani, aliyeyatoa maji.

Kasi mbili, kiungo kimoja

Maswali ya aina hii ni sehemu ya kalkulasi, tawi la hisabati linaloshughulikia vitu vinavyobadilika. Lilijengwa katika karne ya 17 na Isaac Newton wa Uingereza na Gottfried Leibniz wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake. Newton aliviita viwango vinavyobadilika kwa jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kutiririka, hivyo mfano wa maji si pambo lililoongezwa na walimu wa baadaye.

Ndani ya tenki linalotoka maji kuna mambo mawili yanayobadilika kwa wakati mmoja. La kwanza ni ujazo wa maji, unaopungua kwa lita kadhaa kila dakika. La pili ni kina chake, kinachopungua kwa sentimeta kadhaa kila dakika. Kasi ya kwanza hujulikana kwa urahisi, kwa kuwa mtu anaweza kukinga ndoo chini ya bomba na kutazama saa. Kasi ya pili ndiyo inayotafutwa.

Kinachoziunganisha ni umbo la chombo. Mtu akijua umbo, anaweza kuandika mlinganyo wa ujazo na kina, kisha akatafuta jinsi pande zote mbili za mlinganyo huo zinavyobadilika kadiri muda unavyokwenda.

Ipo njia fupi ya kulielewa jambo hili kabla ya kugusa alama zozote. Maji yanaposhuka kidogo sana, kilichoondoka ni tabaka jembamba mfano wa chapati, lenye eneo sawa na uso wa maji kwa wakati huo. Kwa hiyo, katika chombo chochote, kiwe ndoo, faneli, bwawa au ziwa, kasi ya kushuka kwa maji ni kasi ya maji yanayotoka ikigawanywa kwa eneo la uso wa maji kwa wakati huohuo.

Maneno “kwa wakati huohuo” ndiyo yenye uzito, na wengi huyapita haraka.

Tenki la mviringo

Chukulia tenki la lita 2,000 lenye umbo la mcheduara na kipenyo cha mita 1.2. Nusukipenyo chake ni mita 0.6, na eneo la uso wa maji ni mita za mraba 1.13. Eneo hilo halibadiliki, maji yawe mengi au machache, kwa sababu kuta zimesimama wima.

Bomba likifunguliwa na kutoa lita 10 kwa dakika, hizo ni mita za ujazo 0.01. Zikigawanywa kwa 1.13, jibu ni karibu mita 0.009, yaani maji yanashuka kwa takriban milimita 9 kila dakika. Kwa saa moja yatakuwa yameshuka sentimeta 53, na tenki lililojaa litakauka baada ya saa 3 na dakika 20.

Hapa alama za mama wa Kiseke zinasema kweli. Umbali kati ya alama ya saa nne na ile ya saa tano utakuwa sawa na umbali kati ya ya saa tano na ya saa sita, ilimradi bomba linatoa maji kwa kasi isiyobadilika. Hakuna ugumu wowote hapo, na ndiyo maana watunga mitihani hawapendi sana umbo hili.

Faneli inavyodanganya

Wanachopenda ni pia, umbo la faneli lililosimama kwa ncha. Chukulia faneli kubwa yenye mdomo wa nusukipenyo cha sentimeta 30 na kimo cha sentimeta 60. Ikijaa inachukua lita 56 na nusu. Maji yanatoka nchani kwa lita 2 kila dakika, sawa na sentimeta za ujazo 2,000.

Uso wa maji sasa haukai na upana mmoja. Kwa kanuni ya pembetatu zinazofanana, nusukipenyo cha uso wa maji siku zote ni nusu ya kina chake, kama vile 30 ilivyo nusu ya 60. Hivyo, kina kikiwa sentimeta 40, nusukipenyo ni 20 na eneo la uso ni sentimeta za mraba 1,257. Maji 2,000 yakigawanywa kwa eneo hilo, kasi ya kushuka ni sentimeta 1.6 kwa dakika.

Kina kikifika sentimeta 20, nusukipenyo ni 10 na eneo ni 314 tu. Kasi ya kushuka inapanda hadi sentimeta 6.4 kwa dakika. Kina kikiwa sentimeta 10, inafika sentimeta 25 na nusu kwa dakika. Kina kimepungua kwa nusu, kasi imekuwa mara nne.

Anayemimina mafuta kwa faneli ameliona jambo hili maelfu ya mara: mwanzoni mafuta yanaonekana kama yamelala, kisha ghafla yanamezwa.

Darasani jibu hilohilo hupatikana kwa kuandika ujazo wa pia, V = ⅓πr²h, kisha kuondoa r kwa kuweka h/2 mahali pake. Mlinganyo unakuwa V = πh³/12. Ukitafutiwa kasi ya badiliko, unatoa dV/dt = (πh²/4) × dh/dt. Kile kilichomo ndani ya mabano si kingine bali eneo la uso wa maji. Mwanafunzi anayelitambua hilo ana njia ya kukagua kazi yake kabla ya kukabidhi karatasi.

Makosa yanayojirudia ni machache na yanafahamika. Kubwa kuliko yote ni kuweka namba mapema. Mwanafunzi akiambiwa kina ni sentimeta 20, huiingiza 20 kwenye mlinganyo wa ujazo kabla ya kutafuta kasi ya badiliko. Akishafanya hivyo amekigandisha kitu kilichokuwa kinatembea, na kasi ya kitu kisichotembea ni sifuri. Namba ya kina inasubiri hadi mwisho.

La pili ni kukiacha nusukipenyo kana kwamba hakibadiliki, hali katika faneli kinapungua pamoja na kina. La tatu ni alama ya hasi: maji yanayotoka yanapunguza ujazo, hivyo dV/dt ni −2,000 wala si 2,000. Kuchanganya lita na sentimeta za ujazo, au kipenyo na nusukipenyo, ni uzembe wa kawaida unaokula alama katika kila tawi la hisabati.

Ipo pia shida ambayo si ya hisabati. Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili aliyajua majina ya pia, mcheduara na tufe tangu utoto. Alipoingia sekondari vitu vilevile vikabadilishiwa majina kwa Kiingereza. Swali la chombo kinachotoka maji ni la kusoma kabla halijawa la kukokotoa. Asiyejua kama chombo kimesimama kwa ncha au kwa mdomo hawezi kuokolewa na kanuni yoyote, na dawa yake ni kuchora picha kwanza, hata kama mtihani haukuiomba.

Bomba halitoi sawa siku zote

Mpaka hapa maji yamechukuliwa kuwa yanatoka kwa kasi isiyobadilika. Katika maisha, tundu lililo chini ya chombo hutoa maji kwa nguvu kinapojaa na kwa unyonge kinapokaribia kuisha. Mtaliano Evangelista Torricelli, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1644, alionyesha kwamba kasi ya maji yanayotoka inafuata kipeuo cha pili cha kina kilicho juu ya tundu. Kina kikipungua hadi robo, kasi ya mtiririko inapungua hadi nusu.

Matokeo yake yanashangaza. Tenki la mcheduara linalotoa lita 10 kwa dakika likiwa limejaa, na ambalo kwa hesabu ya awali lingekauka kwa saa 3 na dakika 20, litahitaji mara mbili ya muda huo, yaani saa 6 na dakika 40. Nusu ya kwanza ya maji itatoka kwa saa moja na dakika 57. Nusu ya pili itachukua saa 4 na dakika 43.

Je, mama wa Kiseke amekosea kuamini alama zake? Hapana, na sababu ni ule mnara. Bomba analolifungua halipo kwenye kitako cha tenki bali chini, jikoni au uani. Kina kinachosukuma maji hupimwa kuanzia bombani hadi juu ya maji. Mnara ukiwa na mita 4 na tenki likiwa na mita 1.77, kina hicho kinaanzia mita 5.77 tenki likiwa limejaa na kuishia mita 4 linapokauka. Kipeuo cha pili cha uwiano wa namba hizo kinaonyesha kwamba mtiririko unapungua kwa asilimia 17 tu. Hesabu ya kasi isiyobadilika inamfaa, tena inampa tahadhari kidogo.

Ziwa kama chombo

Kutoka vilima vya Kiseke hadi maji ya Ziwa Victoria ni mwendo mfupi. Ziwa lenyewe linaweza kuchukuliwa kama beseni pana lisilo na kina kirefu. Wastani wa kina chake ni mita 40 hivi. Linaingiza maji kwa mvua na kwa mito, ukiwamo Kagera, na linatoa maji kwa njia mbili: mvuke unaopaa juani, na Mto Nile unaotoka Jinja, nchini Uganda. Mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa huleta maji mengi kuliko mito yote kwa pamoja, na mvuke huondoa mengi kuliko Nile.

Kanuni ya chapati haibadiliki. Chukulia Jinja inatoa mita za ujazo 1,000 kwa sekunde. Kwa siku moja hizo ni mita za ujazo milioni 86.4. Kilometa za mraba 68,800 ni mita za mraba bilioni 68.8. Ukigawanya, unapata milimita 1.26 kwa siku, unene usiofika wa sarafu. Kwa mwaka mzima, kama hakuna kinachoingia wala kinachopaa, ni sentimeta 46.

Uchache wa milimita hizo ndio unaodanganya. Tofauti ya mita za ujazo 300 kwa sekunde, juu ya kile ambacho ziwa lingetoa lenyewe, ni chini ya milimita 0.4 kwa siku. Hakuna mvuvi anayeweza kuiona. Lakini kwa miaka miwili inakaribia sentimeta 28, na zikishatoka hazirudi mpaka mvua izirudishe.

Ufukweni hesabu inageuka tena. Mahali ambapo ardhi inainama kwa mita moja katika kila mita 100, maji yakishuka sentimeta moja, ukingo wake unarudi nyuma mita moja nzima. Kushuka kwa mita moja kunauacha mtumbwi mita 100 kutoka majini. Ni kasi mbili nyingine zilizounganishwa na umbo, safari hii umbo la ufukwe, na ndizo zinazoeleza kwa nini ghuba bapa huathirika mapema kuliko kingo za majabali.

Mstari wa makubaliano

Kabla ya mwaka 1954, maji ya ziwa yalitoka kwa kupita juu ya miamba ya Maporomoko ya Ripon. Miamba hiyo ilifanya kazi ya tundu la Torricelli kwa namna yake: ziwa likipanda, Nile ilitoa zaidi, likishuka, ilitoa kidogo. Ziwa lilikuwa na breki yake lenyewe.

Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954, maporomoko hayo yalifunikwa na maji na breki ikaingia mikononi mwa binadamu. Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Uganda, ilikuwa imekubaliana na Misri kwamba bwawa litoe kiasi kilekile ambacho miamba ingetoa. Makubaliano hayo yaliwekwa katika mstari uliopinda, unaounganisha kipimo cha maji pale Jinja na kiasi kinachoruhusiwa kutoka.

Kwa kukadiria, mstari huo unasema: chukua kipimo cha Jinja kwa mita, toa 7.96, tafuta kipeo cha pili cha kinachobaki, kisha zidisha kwa 66.3. Kipimo kikiwa mita 12, maji yanayoruhusiwa ni takriban mita za ujazo 1,100 kwa sekunde. Kikiwa mita 11, ni kiasi cha 620. Karibu na mita 12, kila sentimeta moja inayopungua ziwani inapaswa kupunguza mtiririko wa Jinja kwa zaidi kidogo ya mita za ujazo 5 kwa sekunde. Hili ni swali la kidato cha sita lililoandikwa katika mkataba kati ya mataifa.

Mwaka 2000 Uganda ilianza kuzalisha umeme katika kituo cha pili, Kiira, kilichojengwa kando ya kile cha kwanza. Ukame ukafuata. Mashine zikitoa maji mengi kuliko mstari unavyoruhusu wakati ziwa linashuka, breki inakuwa imeondolewa, na ziwa linafanana na chombo cha darasani kinachotoa kiasi kilekile hadi mwisho.

Februari 2006, mtaalamu wa maji Daniel Kull alitoa ripoti kwa ajili ya shirika la International Rivers Network. Alikokotoa ziwa lingekuwa wapi kama mstari wa makubaliano ungefuatwa, akalinganisha na mahali lilipokuwa. Alihitimisha kwamba takriban asilimia 55 ya kushuka kwa mwaka 2004 na 2005 ilitokana na maji yaliyotolewa kupita kiasi, na asilimia 45 ilitokana na ukame. Serikali ya Uganda iliupa ukame uzito mkubwa zaidi. Mwaka huohuo maji ya Jinja yalipunguzwa, na Waganda wakakaa gizani kwa mgawo mkali wa umeme.

Ubishi huo usingewezekana kuamuliwa kwa kulitazama ziwa kwa macho. Mtu aliyesimama ufukweni Mwanza anaona maji yamepungua, lakini haoni yamepungukia wapi. Kinachoweza kutenganisha jua na mashine ni kuandika kila kasi inayoingia na kila kasi inayotoka, kuzigawanya kwa eneo la ziwa, na kuona kama jumla yake inalingana na alama iliyo kwenye kipimo.

Hesabu hiyo inafanya kazi pia maji yanapopanda. Mvua zilizoanza mwaka 1961 zilipandisha ziwa kwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964, maana yake kilometa za ujazo zaidi ya 137 za maji ziliongezeka juu ya yaliyokuwapo. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifikia mita 13.42, kikaipita kwa sentimeta moja rekodi ya 1964, na maji yakaingia katika nyumba na mialo kuzunguka ziwa.

Wengi waliuliza wakati huo kwa nini Jinja isifunguliwe tu. Kwa kipimo hicho, mstari wa makubaliano unaruhusu takriban mita za ujazo 2,000 kwa sekunde, mtiririko wa kutisha kwa anayeutazama kutoka darajani. Ukigawanywa kwa eneo la ziwa ni milimita 2.5 kwa siku. Kwa mlango huo peke yake, kulishusha ziwa mita moja kunahitaji siku 400 zisizo na tone la mvua.